Trikoderma kabla ya nyanya

Habari za jioni wanakikundi. Kabla hatujachanga pesa ya kuinunua tuelewane: trikoderma ni kinga, si tiba. Ni fangasi rafiki wa udongoni. Hukaa kuzunguka mizizi, huwahi nafasi na chakula, tena huvivamia vimelea vya magonjwa kama Pithiamu na Raizoktonia na kumeng'enya kuta za seli zake. Hivyo ndivyo vinavyotuletea kinyausi kitaluni, yaani miche kuoza shina chini na kuanguka. Mche ukishalala, umelala.

Changanyeni na mboji iliyoiva, siyo samadi mbichi ya kuku (wa Kinyerezi nawajua!). Wekeni kitaluni kabla ya kusia, halafu shimoni mnapohamisha miche. Iwe jioni, udongo ukiwa na unyevu, maana jua la Dar huviua vijidudu vikiachwa juu juu. Maji ya bomba yana klorini, yalaze kwenye ndoo wazi. Dawa ya ukungu msichanganye humo kabisa, itaua na rafiki.

Mnyauko wa bakteria msitegemee hii. Shamba lililonyauka lipandwe mahindi kwanza, nyanya, hoho na bilinganya zisubiri.

Wanaotaka waandike jina na ukubwa wa eneo hapa kabla ya Ijumaa. Tutakagua tarehe ya mwisho wa matumizi dukani kabla ya kulipa.