Taarifa ya Mwenyekiti: Asumini Zilizochanua Bila Kuzaa

Wanachama wenzangu,

Mwaka jana tuliahidiana kuzalisha mbegu zetu wenyewe za asumini-mwitu. Maua tumeyapata tele na jioni zimenukia, lakini tunda hatukuona hata moja. Nilizunguka bustani zenu nikishuku mbolea, kisha kivuli. Haikuwa hivyo.

Jibu nililipata nilipopasua ua kwa pini. Spishi nyingi za asumini zina maua ya namna mbili: mmea mmoja hutoa maua yenye mrija wa kike mrefu na stameni mbili (viungo vya kiume vyenye chavua, unga wa uzazi wa ua) chini yake; mwingine mrija mfupi, stameni zikiwa juu. Kwa kawaida namna moja huzaa kwa chavua ya namna ya pili. Yetu yote yalikuwa ya mrija mrefu, kwa kuwa tuligawana vipandikizi vya mama mmoja. Tulijiona tuna bustani nyingi, kumbe tuna mmea mmoja.

Mwenzetu alituletea kipandikizi cha mrija mfupi, akiwa amemwomba ruhusa mwenye shamba. Kilipochanua nilichavusha kwa mkono: nilichagua tumba la kufunguka usiku uleule, nikalipasua ubavuni, nikatoa stameni kabla hazijamwaga chavua, nikapaka chavua ya mwenzake kwa brashi laini, nikafunika kwa shashi. Ukichelewa, nondo wamekuwahi. Yametoka matunda meusi, mawili mawili kwenye kikonyo. Nilifurahi mno. Mbegu zimo kwenye viriba. Harufu ya watoto tutaijua watakapochanua.

Hesabu zimo katika taarifa ya mhazini, sina la kuongeza.

Ninaloomba sana ni daftari la asili: kila mmea uandikwe ulikotoka na aliyeutoa. Asumini iitwayo kisayansi Jasminum fluminense ni ya Afrika, ila ilipewa jina la Rio de Janeiro kwa sababu aliyeieleza aliikuta Brazili. Na huko Florida leo ni gugu linalofunika miti. Neno “asilia” halina maana bila mahali. Tena tusing'oe mwituni: tukate vijiti vyenye vifundo viwili au vitatu, mama tumwache palepale.

Mkutano ujao kila mmoja aje na ua moja lililofunguka, likiwa kwenye maji. Pini na kioo cha kukuzia nitaleta mimi, tuyapasue na kuandika namna ya kila mmea.

Mwenyekiti wenu