Emo rap si kudeka

Mhariri,

Wanaoibeza emo rap, yaani rap inayoimba majonzi na upweke, kuwa ni kudeka kwa vijana wanasahau ilikotoka. Kwa miaka mingi hip hop ilimtaka mwanamume ajigambe: pesa, ubabe, maadui. Mwaka 2008 Kanye West alitoa albamu iliyojaa majonzi, na kipindi hichohicho Kid Cudi akaimba upweke wake bila haya. Kizazi cha SoundCloud, mtandao ambako wasanii huweka nyimbo zao wenyewe, kikaongeza magitaa ya roki na sauti isiyojulikana kama inaimba au inalia. (Mimi magitaa hayo ndiyo yaliyoninasa.)

Lawama zangu ni kwa soko. Msanii wa emo rap Lil Peep alifariki Novemba 2017, mwenzake Juice WRLD Desemba 2019, wote wakiwa na miaka 21, wote kwa kutumia dawa za kulevya kupita kiasi. Walizitaja dawa hizo waziwazi kwenye nyimbo. Sisi tukatikisa vichwa na kusifu mdundo. Baada ya mazishi, albamu zao ziliendelea kutoka.

Wachambuzi wenu wa muziki, mkiandika kuhusu hawa vijana, chambueni na maneno yao. Mauzo tunayajua tayari.

Msomaji wenu