Usije na Miche Kwanza

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka Moshi. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia kwamba kikundi chenu kinataka kujitolea kwenye maeneo ya Kilimanjaro yaliyoungua. Umeuliza mje na miche mingapi. Msije na hata mmoja kwanza. Njooni na majembe, mapanga, kamba na nyundo.

Moto wa Oktoba 2020, ulioanzia Whona kwenye njia ya Marangu, uliteketeza zaidi ya kilomita za mraba 90, na sehemu kubwa ni ukanda wa miti ya Erika, ile yenye vijani vyembamba kama sindano. Erika ikiungua mara moja huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Kwaruza gome kwa kisu karibu na ardhi. Ukiona kijani chini yake, usiiguse. Adui yake ni moto unaorudi kabla vichipukizi havijakomaa na kutoa mbegu. Msitu wa Erika ukishageuka vichaka tunapoteza na maji, kwa sababu miti hiyo hunasa ukungu na kuudondosha ardhini tone kwa tone. Kwa hiyo huku juu kuchimba mashimo ni kuharibu: unakata mizizi iliyo hai na kukanyaga miche iliyoota yenyewe.

Kazi ya huku ni kuzuia udongo usiondoke. Fagia majivu, kisha dondoshea maji juu ya udongo. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5 bila kuzama, ujue mafuta ya mimea iliyoungua yameweka tabaka kama nta, na mvua ya kwanza itateremka yote juu juu. Pima mistari ya kontua, yaani mistari ya usawa inayokingama mteremko, kwa fremu A: miti miwili ya mita 2, mmoja wa kukingama, na jiwe lililofungwa kamba kwenye kilele. Simamisha fremu, weka alama kamba inapogusa mti wa kukingama, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Wengi huruka hatua ya kugeuza, mstari unainama, na maji yote yanakimbilia upande mmoja.

Kwenye mstari huo lazeni magogo yaliyokwisha kuanguka, yale tu ambayo askari wa hifadhi wameruhusu. Chimba mfereji mwembamba, laza gogo ndani yake, piga vigingi upande wa chini, kisha shindilia udongo chini ya gogo upande wa juu. Hapa ndipo kazi nyingi hufeli. Ukiacha upenyo wa vidole viwili, maji hupita chini ya gogo, huchimba, na ndani ya msimu mmoja umetengeneza korongo jipya kwa mikono yako. Kwenye makorongo yenyewe pangeni mawe, katikati pawe chini kuliko kingo, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kula ukuta wa korongo.

Jihadharini sana na miti iliyoungua ambayo bado imesimama. Mizizi yake huweza kuwa imeliwa na moto chini kwa chini, na upepo mdogo tu unaiangusha. Upepo ukianza, tokeni.

Kupanda miti kunafaa huku chini, kwenye nusu maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na mashamba ya vijiji, hasa palipoungua zaidi ya mara moja na kuvamiwa na kangaga. Pandeni msesewe, mringaringa na loliondo, kwa mbegu zilizookotwa kwenye mwinuko ule ule. Mgrivea, msindano na mkaratusi acheni mashambani, hata mkipewa bure. Subirini masika yashike, udongo ulowe hadi sentimita 30. Shimo liwe sentimita 45 kila upande, udongo wa juu utengwe na urudishwe kwanza kuzunguka mizizi. Vueni kiriba chote, ule mfuko wa plastiki wa mche. Mzizi uliojikunja chini ukatwe, maana usipokatwa utaendelea kuzunguka na mti utadumaa. Samadi msilete, inabeba mbegu za magugu ya shambani. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 mtahitaji miche 1,111 kwa hekta, na kila mche ufyekewe kangaga duara la mita 1, tena na tena, kwa miaka miwili angalau. Kama hamtaweza kurudi kufyeka, pandeni eneo dogo zaidi. Mimi naona miche 200 inayotunzwa ina maana kuliko 2,000 ya kupigia picha.

Kibali cha hifadhi kiombwe mapema. Kambi ya Mandara iko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku ni kali, kwa hiyo masweta mazito. Nijulishe mtakuwa wangapi ili tuandae fremu A, moja kwa kila watu wanne.

Wako,
Aneth