Barua kwa Mwanangu Kuhusu Andiko Lake la Uzamivu

Bonn, Ujerumani

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Andiko lako la pendekezo la utafiti kuhusu usalama wa Ulaya nimelipata, na nimecheka kusikia kwamba shangazi yako huwaambia watu kuwa mimi huku nafundisha habari za vifaru vya kijeshi. Mwambie sivyo, au tuseme si hivyo tu.

Nami nilipoanza nilidhani usalama wa Ulaya ni mipaka, makombora na mikataba, kama Hati ya Mwisho ya Helsinki, makubaliano ya usalama na ushirikiano kati ya kambi za Mashariki na Magharibi, iliyotiwa saini na mataifa 35 mwaka 1975. Baadaye nikawasoma Barry Buzan na Ole Wæver, wanazuoni wa masuala ya usalama, wanaoeleza kwamba jambo hugeuka kuwa la usalama pale mwenye mamlaka anapolitangaza kuwa la kufa na kupona, na wanaomsikiliza wakamkubali. Hoja hiyo naipenda hadi leo, lakini usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021 haikunifaa kitu.

Usiku ule Ahr, mto ambao kiangazi huwa kama kijito, ulifurika na kuua zaidi ya watu 130 bondeni mwake. Sinzig, mji ulio jirani na hapa, wakazi 12 wa nyumba ya watu wenye ulemavu walifia ghorofa ya chini. Mfumo wa Ulaya wa kutahadharisha mafuriko ulikuwa umetoa taarifa ya kwanza tangu tarehe 10. Taarifa zikapita ofisi hadi ofisi, lakini kwa waliolala hazikufika. Ving'ora vingi vilikuwa vimeng'olewa baada ya Vita Baridi, na utaratibu wa kutuma onyo kwa mara moja kwenye simu zote za eneo lenye hatari ulianza rasmi Februari 2023. Nilipokwenda kuhoji watu, mama mmoja alinionyesha mstari wa tope ukutani, juu kabisa ya swichi ya taa, akaniuliza: “Ninyi wa chuo kikuu mlijua?” Tangu siku hiyo ninafanya utafiti wa usalama wa raia, na swali lake sijalimaliza.

Fedha zipo. Kati ya 2007 na 2013 Umoja wa Ulaya ulitenga euro bilioni 1.4 kwa utafiti wa usalama, na programu zilizofuata zimeuendeleza. Kwa kawaida lazima muungane taasisi tatu au zaidi kutoka nchi tofauti, na kwa maoni yangu wafadhili huvutiwa na kamera na vitambuzi kuliko kumuuliza mzee kwa nini hakuondoka nyumbani. Ajira ndiyo ngumu: sheria ya hapa ya mwaka 2007 inaruhusu watafiti wa vyuo vikuu kuajiriwa kwa mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake. Mimi nimetia saini mikataba tisa, mmoja wa miezi mitano. Ndiyo maana kuna miaka hukuniona Tanga, na mama yako hakukwambia sababu kwa kuwa nilimwomba asikwambie.

Sasa andiko lako. Kurasa nne zote ni NATO, mkakati na mizani ya nguvu. Sikuona mtu hata mmoja aliye ndani ya nyumba yake. Lirekebishe, unitumie kabla ya Ijumaa, maana Jumatatu nasafiri kwenda Brussels kwa kikao cha mradi, na kwenye treni sisomi vizuri.

Wako,
Baba