Kwa wanangu wakufunzi wa hisabati: msifunge gunia dagaa hawajakauka

Mwakeye, wanangu.

Nawaandikia ninyi mnaofundisha hisabati katika vyuo vyetu vya ualimu vya mkoa huu wa Kigoma, Kasulu, Kabanga na kwingineko, na hasa ninyi vijana mlioanza kuwapa wanachuo majaribio kwenye kompyuta na simu. Mimi nimestaafu, nakaa Ujiji, na kazi yangu siku hizi ni kufukuza kuku barazani. Lakini masikio yapo.

Mwezi uliopita mmoja wenu alikuja kunijulia hali. Nilimfundisha zamani, sasa ni mkufunzi, na mimi humwita mwalimu mwenzangu ingawa yeye bado anainama akiniamkia shikamoo. Akafungua kompyuta mpakato yake, akanionyesha mfumo wa majaribio wanaoutumia chuoni kwao. Mwanachuo anafungua swali, anaandika jibu, papo hapo anaambiwa amepata au amekosa. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikamwuliza, waliokosa wanafanya nini? Akanyamaza kidogo. "Wanaona alama zao, mama." Jaribio ni la mara moja tu, Ijumaa. Jumatatu darasa linaingia mada inayofuata.

Usiku ule sikulala vizuri, maana nilijiona mimi mwenyewe.

Nilifundisha miaka 31. Wanachuo 90 wakifanya jaribio la aljebra, nilibeba rundo nyumbani, nikasahihisha usiku, umeme wa jenereta ukikatika nikawasha chemli, na rundo lilirudi darasani wiki ya tatu. Wakati huo tulishaingia kwenye kalkulasi. Mwanachuo anapokea karatasi, anatazama ile namba nyekundu juu, anaikunja mara nne, anaitia mfukoni. Maneno niliyoandika pembeni kwa mwandiko mdogo hayakusomwa, na hata aliyeyasoma hakuwa na pa kuyatumia.

Alikuwapo kijana mmoja mpole, mwandiko wake mzuri kama wa karani. Kanuni zote anazijua, ila akikuta 1/x + 1/y anaandika 2/(x + y). Nilimkata alama kwa kosa hilohilo katika mada tano, muda wa miaka miwili, na sikuketi naye hata dakika 20 nimtoe hapo. Alimaliza, akapangiwa shule, akaenda kufundisha. Mnajua alikwenda kufundisha nini.

Marehemu mama yangu alikuwa mwanika dagaa, Katonga. Wavuvi wanarudi alfajiri na taa zao, dagaa wanamwagwa, wanatandazwa mchangani. Kiangazi, jua likiwa kali, siku moja inatosha. Masika unaweza kuwageuza siku tatu na bado roho iko juu. Treni nayo ina siku yake. Wapo waliofunga magunia kwa sababu tu treni inaondoka kesho. Gunia likifunguliwa Dar es Salaam, katikati kumeota ukungu, na mnunuzi anakataa gunia zima, wakavu kwa wabichi. Mama alikuwa anaokota dagaa mmoja, anamvunja. Akikatika, amekauka. Akipinda, anarudi juani. Hakuuliza ameanikwa siku ngapi.

Vyuoni tunauliza siku ngapi. Mada ya logarithimu ina wiki mbili. Wiki mbili zikiisha, tunafunga. Na anayekuja kwetu amekwisha fungwa hivyo huko alikotoka. Tazameni madaraja ya kidato cha nne: D inaanzia alama 30, C ni 45 hadi 64. Mtu mwenye C nzuri kabisa anaweza kuwa amekosa theluthi nzima ya mtihani, na hakuna karatasi inayokuambia ni theluthi ipi. Wewe unamjengea juu yake.

Haya si mawazo ya bibi wa Ujiji peke yake. Mwaka 1963 Mmarekani John Carroll aliandika kwamba uwezo wa mtu katika somo tuutazame kama muda anaouhitaji kulielewa, tusiutazame kama kikomo alichozaliwa nacho. Mwaka 1968 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago akaligeuza wazo hilo kuwa utaratibu. Gawa somo vipande vidogo. Mwisho wa kila kipande toa jaribio ambalo kazi yake ni kuonyesha palipokwama, si kumhukumu mtu. Weka kiwango cha juu, 80 au 90 kwa mia. Asiyefika afundishwe tena alipokwama, kisha apewe jaribio la pili, mambo yaleyale, maswali mengine.

Bloom ana sifa nyingine ya mwaka 1984, kwamba mwanafunzi wa kawaida akiwa na mwalimu wake peke yake kwa njia hii huwapita 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Waliopima baada yake wengi walipata faida ndogo kuliko hiyo. Basi mtu akija kuwauzia mfumo huku akiitaja hiyo 98, mpeni chai, msimpe fedha.

Kilichotushinda sisi wa kalamu nyekundu hakikuwa wazo. Ilikuwa mikono. Wanachuo 90, vipande kumi, kila kipande majaribio mawili au matatu: nani atayatunga, nani atayasahihisha? Hapo ndipo mashine yenu ina maana, na hapo ndipo hamjaitumia.

Huyo kijana aliniachia jina la programu moja, STACK, nami nimekaa nayo wiki tatu sasa. Ilianzishwa Uingereza na Chris Sangwin, inafanya kazi ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo na majaribio kwenye kompyuta, na zote mbili ni za bure. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Maseno, hapo Kenya, wanaitumia tangu 2019. Tofauti yake na maswali ya kuchagua A, B, C ni kwamba mwanachuo anaandika jibu lake mwenyewe, na nyuma ya pazia kuna programu ya aljebra, Maxima, inayopima kama jibu hilo ni sawa kihisabati. Akiandika (x + 1)² au x² + 2x + 1, inajua ni kitu kimoja. Ukitaka lazima awe ametafuta vigawo, inajua pia kudai hivyo. Namba zinabadilika kwa kila mtu na kwa kila jaribio, hivyo jirani hawezi kunakili jibu, itabidi aulize "umefanyaje?", na hilo ndilo swali tulilokuwa tunalitafuta darasani miaka yote.

Lakini kilichonikosha ni kingine. Unaweza kuiambia mapema makosa unayoyategemea. Niliandika swali la 1/x + 1/y, nikaiagiza: mtu akijibu 2/(x + y), usimwambie "umekosa". Mwambie aweke x = 1 na y = 1. Upande wa swali unatoa 2, jibu lake linatoa 1. Basi. Dakika 20 nilizomnyima yule kijana zimeingia katika mistari miwili, na zitasemwa saa nne usiku, kwa mtu wa tisini kama kwa wa kwanza, bila mwalimu kuchoka wala kukunja uso.

Sasa hapa, wanangu, ninyi mna kompyuta ila hamna makosa. Hamjasahihisha vya kutosha. Sisi wazee tunayo magunia. Anayesema kipeuo cha pili cha a² + b² ni a + b (mpe 3 na 4, aone 5 si 7). Anayesahau ishara hasi mbele ya mabano. Anayefanya intigresheni akaacha ile c, namba thabiti ya mwishoni, kila mara, hadi anazeeka. Kabla hujatunga swali, mtafute mstaafu mmoja, mwulize wanachuo walikuwa wanaangukia wapi. Atakuambia hadi jua lizame. Mpelekee sukari.

Jambo ninalowaomba zaidi ya yote ni hili la katikati, kati ya jaribio la kwanza na la pili. Watu wakisikia "mwanachuo arudie mpaka ajue", wanachukua kurudia wanaacha kujua. Wanafungua majaribio bila kikomo, kijana anabofya, anakosa, anabofya, jaribio la saba anapata 85 kwa sababu amekariri umbo la swali. Huyo hajakauka, amepakwa jivu tu. Wekeni nafasi ya siku moja kati ya jaribio na jaribio, Moodle inaruhusu. Wekeni majaribio matatu, ichukuliwe alama ya juu. Fungeni mada inayofuata hadi kiwango kifikiwe. Hilo nalo linaruhusiwa. Na katika siku hiyo moja, aliyekwama akutane na mtu, kwa njia tofauti na ile ya mara ya kwanza. Ukimfundisha vilevile kwa sauti kubwa zaidi, umempigia kelele tu.

Mtasema, muda uko wapi? Upo ule mliokuwa mnausahihishia. Na wapo waliovuka mapema. Fred Keller na wenzake, huko Brazili miaka ya 1960, walipanga wanafunzi waliokwisha limudu somo wawasaidie wanaolisoma. Kwenu ni rahisi zaidi, maana hao wote wanasomea ualimu. Kumkalisha mmoja na mwenzake aliyekwama kwenye sehemu zenye herufi ni mazoezi ya kufundisha ambayo hakuna mkaguzi atayakataa.

Simu zenye akili mnemba zinatatua maswali haya yote, najua, mjukuu wangu kanionyesha. Kwa hiyo alama za mwisho msizitegemee za chumbani. Mwite mezani, dakika tano, mpe kalamu, aeleze mstari mmoja. Mtu anayejua na asiyejua wanatofautiana kabla hawajafungua kinywa. Uthibitisho mrefu nao, wa hatua kumi, usomeni kwa macho yenu, STACK haiwezi kuusahihisha.

Bando na umeme: Moodle inaweza kukaa kwenye kompyuta moja chumbani, wanachuo wakaunganishwa nayo kwa kisambaza mawimbi kidogo bila intaneti. Mwenye nia ataipanga. Na wiki ya kwanza isiwe na alama kabisa, wafundisheni kuandika tu: mfumo usipopangwa vinginevyo, 2x ni lazima iandikwe 2*x, na si haki mtu anayejua hisabati aangushwe na nyota.

Mimi mwenyewe niliangushwa na nyota hiyo mara nne.

Nina maswali 42 mpaka sasa, yote ya sehemu zenye herufi na ya milinganyo ya kipeo cha pili. Anayeyataka aje ayachukue, hayana bei. Ila swali la 17 linanitesa: majibu ni 3 na -2, na mwanachuo akianza na -2 linamkatalia. Nimejaribu mara mbili kulirekebisha, bado. Anayejua dawa yake aje Jumamosi baada ya alasiri, kahawa ya Kalinzi ipo.