Kura Tatu za Babu

Dar es Salaam

Kwako ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na mama bado anakuulizia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mwaka 2024 wenzako kazini huko Marekani walishinda wakibishana kama Kamala Harris, aliyegombea urais, ni Mweusi au Mhindi, mambo atakayoyafanya akishinda yakasahaulika. Ukamalizia kwamba binadamu yeyote, akishaachwa peke yake na karatasi ya kura, humchagua wa rangi yake. Hapo tumetofautiana.

Unamkumbuka babu yangu wa Tabora, yule mwalimu. Mwaka 1958, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache walioweza kupiga kura, maana masharti yalikuwa mazito: uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane. Viti viligawanywa sawasawa kati ya Waafrika, Waasia na Wazungu, wakati Wazungu walikuwa kama 20,000 tu katika nchi ya watu karibu milioni 9! Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watatu, mmoja wa kila rangi. Ukimruka mmoja, kura yako imeharibika. Ubaguzi waliuchapa kwenye karatasi yenyewe.

Babu alitaka uchaguzi ule ususiwe. Wengi walitaka hivyo, mpaka TANU, chama kilichodai uhuru, walipokutana palepale Tabora Januari 1958 na Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa TANU na kuanzisha chama chake kilichodai Afrika iwe ya Waafrika tu. Babu alinung'unika, lakini alikwenda kupiga kura zote tatu. Nilipomuuliza alimchaguaje Mzungu, alinijibu, "Nilitazama nani anataka tujitawale."

Hakuwa peke yake. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere, hakufikisha hata asilimia 2. Mwaka 1965 karibu kila jimbo la ubunge lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, waliwashinda wapinzani Waafrika kwa kura za Waafrika. Ni watu walewale waliokuwa wameonja ubaguzi wa mkoloni miaka michache tu nyuma.

Sisemi sisi ni malaika. Wewe na mimi tulikuwepo miaka ile ya tisini mwanzoni, vyama vingi vinaanza, kaseti za hotuba za kuwatukana Wahindi kwa jina la "magabacholi" zinapigwa vijiweni nasi tunashangilia. Linaniuma mpaka leo. Hatukuzaliwa na chuki ile. Kuna aliyetaka kura zetu akaona hiyo ndiyo njia ya mkato, na masikio yetu yalikuwa wazi. Nadhani hao wenzako nao kuna anayewapigia kaseti. Wachunguze, uniandikie.

Siku moja wakati ule, mwenye duka wa mtaa wetu, yule Mhindi aliyekuwa akitukopesha madaftari, alifunga mapema kwa hofu. Babu hakunigombeza. Alinipa hela ya sukari nusu kilo, akaniambia nipitie mlango wa nyuma, nibishe hodi taratibu, nimwambie mwalimu anamsalimu.

Nasubiri majibu yako.

Ni mimi nduguyo