Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi: Mji Wetu wa Hola

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi wetu wapendwa na wanafunzi wenzetu,

Karibu Hola. Tangu 2013 mji huu ndio makao makuu ya Kaunti ya Tana River, na wengi huufikia kwa shughuli za ofisini kisha wakaondoka. Leo tunakuomba usikilize mji huu ulikotoka.

Kandokando ya Mto Tana Wapokomo walilima na Waorma wakanywesha mifugo. Katika miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikaleta hapa mahabusu wa Mau Mau, mbali kabisa na jamaa zao, wachimbe mifereji ya kumwagilia mashamba. Joto la Hola umelionja mwenyewe asubuhi hii.

Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 85 walitolewa kambini wakalazimishwe kazi waliyokuwa wameikataa. Askari wa gereza wakawashukia kwa virungu. Watu 11 waliuawa, wengine wengi wakabaki na majeraha mabaya. Serikali ikatangaza kwanza kwamba marehemu walikunywa maji wakafa. Maji, Mheshimiwa! Uchunguzi wa maiti ukafichua kipigo. Julai mwaka huo, katika bunge la Uingereza, Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, alisimama akailaumu serikali yake kwa mauaji ya Hola. Mji mdogo kama wetu ulitajwa London kwa sababu ya damu ya watu hao, na Shule ya Upili ya Mau Mau Memorial, hapa hapa mjini, inawakumbuka kwa jina lake.

Baada ya uhuru mashamba yale yalilisha familia nyingi, hasa kwa pamba. Mwaka 1989 Mto Tana ukahama njia, mitambo ya kuvuta maji ikaachwa pakavu na kilimo kikaanguka. Wazazi mlioketi hapa mnaikumbuka njaa hiyo kuliko sisi.

Mheshimiwa, wazee walioiona kambi ile kwa macho wamebaki wachache sana. Tunaomba utusaidie kupata vinasa sauti viwili na nauli ya kuwafikia vijijini kabla ya mvua kufunga barabara. Maswali tumeshayaandika, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Historia.